Adui wa katuni anatisha watoto badala ya kuwachekesha, na mpambe wake hana kazi. Nirekebishe vipi?

KalamuMbichi:
Wakuu, naombeni jicho la pili. Katuni ni ya stelingi mwenye nguvu za ajabu, walengwa ni watoto wa miaka 5 hadi 8, kila kipindi dakika 11. Stelingi ni Radi, binti wa miaka 9. Akipiga makofi, ngurumo inatoka. Adui ni Profesa Kimya. Hapendi kelele, kwa hiyo ameunda mashine ya kunyonya sauti zote za mji na kuzifungia kwenye chupa. Mpambe wake anaitwa Tutu, ni mnene, na kazi yake mpaka sasa ni kujikwaa na kuanguka.

Yanayonisumbua:
- Kimya anatisha. Ukurasa wa pili anamfunga kamba bibi yake Radi kwenye kiti, gizani.
- Hotuba yake ya kueleza mpango imekula ukurasa mmoja na nusu.
- Tutu akianguka mara ya kwanza unacheka, mara ya nne unamwonea huruma.

Skripti nzima ni kurasa 21. Nianze kukata wapi?

---

MstariWaPili:
Anza na bibi. Mtoe.

Mtoto wa miaka mitano akishaona bibi kafungwa kamba, hasikii kichekesho chochote mpaka bibi afunguliwe. Utakuwa umemwonyesha vichekesho vya dakika nane ambavyo hakuwepo navyo, akili yake iko kwenye kile kiti. Adui wa kuchekesha hashiki watu, anashika vitu: kengele, ngoma, filimbi, mlio wa kuku. Kitu kikiibwa, mtoto anakasirika kidogo na kutaka kirudi. Mtu akiibwa, anaogopa.

La pili ni nia yake. "Hapendi kelele" haitoshi, hiyo ni tabia. Anataka nini hasa? Mpe kitu kidogo mno ambacho anakitafuta kwa nguvu kubwa mno. Mimi ningesema Profesa Kimya anataka kulala mchana. Basi. Mashine ya ukubwa wa nyumba, mabomba, chupa elfu, ili tu apate usingizi wa nusu saa. Kila mtoto duniani amewahi kuambiwa anyamaze kwa sababu mkubwa amelala, kwa hiyo anamjua huyu adui kabla hata hajafungua mdomo. Na kichekesho kiko hapo hapo, kwenye ukubwa wa mtambo na udogo wa shida.

Ukifanya hivyo hotuba inakufa yenyewe. Mpango wa adui wa watoto usizidi sentensi mbili zinazosemwa, mengine yaonekane. Na mpango usielezwe kwa hewani, aelezwe mpambe ambaye hajaelewa:

KIMYA: Mashine itanyonya kila sauti. Kisha nitalala.
TUTU: Si ungeziba masikio, bosi?
(Kimya anamtazama. Anaitazama mashine. Anamtazama Tutu tena.)
KIMYA: Funga mdomo.

Mistari mitatu, na umeshajua nani ana akili, nani ana cheo.

Sasa Tutu. Kujikwaa ni tukio, si tabia, ndiyo maana linachakaa. Mpambe anahitaji njia yake moja ya kuharibu mambo, ile ile kila kipindi, ambayo kwake yeye ni kufanya kazi vizuri. Kuna aina chache zinazodumu. Kuna chawa, anayesifia hata makosa mpaka bosi anayarudia. Kuna mwenye akili kuliko bosi, anayeona shimo mapema na kuachia tu. Mpambe Shego na bosi wake Drakken kwenye katuni ya Kim Possible (2002) wamejengwa hivyo, mwanamke anasoma gazeti huku bwana anahangaika. Kuna wa ujira, anayesimama katikati ya mapambano kudai chake, kama yule mbwa Muttley na medali zake kwenye katuni ya Dastardly na Muttley ya mwaka 1969. Na kuna wa neno kwa neno, anayetekeleza ulichosema badala ya ulichokusudia.

Kwa umri wa 5 hadi 8, chukua huyo wa mwisho. Watoto hao ndio kwanza wanagundua kwamba neno moja lina maana mbili, na wanafurahi kumpita mtu mzima asiyejua. Na Kiswahili kimekupa zawadi bure: *mdomo*. Bomba lina mdomo, chupa ina mdomo, Tutu ana mdomo. Adui ambaye neno lake la kila siku ni "funga mdomo" ameshajichimbia shimo.

Ipande hiyo "funga mdomo" mara tatu, kama mbegu inayovunwa mwisho. Mara ya kwanza, Kimya anaonyesha bomba: "Huu ndio mdomo. Mashine ikiwa inafanya kazi, usifungwe kamwe, kila kitu kitapasuka." Dakika hiyo hiyo Tutu anauliza swali, Kimya anafoka "Funga mdomo!", Tutu ananyanyua kizibo kwenda kwenye bomba. "Wako! Mdomo wako!" Mara ya pili, fupi, Tutu anasita kati ya kizibo na kiganja chake, anachagua kiganja, anajipongeza. Mara ya tatu mashine inafanya kazi, inanyonya sauti. Kimya anapiga kelele "Funga mdomo wako!" na mashine inalila neno la mwisho. Tutu anasikia "Funga mdomo."

Anafunga.

Kwenye kurasa: skripti ya katuni ya dakika 11 huwa kama kurasa 15 hadi 18, kwa sababu matendo yameandikwa yote. Wewe ukishatoa bibi, hotuba na maanguko matatu, utakuwa 16 bila kugusa kitu kingine.

---

Fremu24:
Nakubaliana na hapo juu, ila kutisha kwingi hakupo kwenye skripti. Kupo kwenye mchoro na kamera. Unaweza kuandika adui mpole kabisa na mchoraji akamgeuza jinamizi. Angalia haya kwenye storibodi (michoro ya kila shoti kabla katuni haijatengenezwa):

Kamera chini ikitazama juu, mwanga unaotoka chini ya kidevu, macho meupe yasiyo na mboni, na adui anayetembea moja kwa moja kuja kwenye lenzi. Kimoja peke yake kinavumilika. Viwili pamoja kwenye shoti moja, umempoteza mtoto wa miaka mitano. Kimya mweke usawa wa macho au kamera iwe juu kidogo, ili aonekane mdogo ndani ya mtambo wake mwenyewe.

Umbo. Wawili hawa wajulikane hata ukiwajaza wino mweusi. Kimya awe pembetatu ndefu iliyosimama juu ya ncha, mabega mapana, miguu kama vijiti. Umbo la kutaka kuanguka linachekesha kabla halijaanguka. Tutu duara au yai. Na huo unene usiutaje popote kwenye mazungumzo. Umbo la duara ni la kumtofautisha, likishakuwa utani wa mwili watoto wataupeleka darasani.

Kosa ambalo linagunduliwa kwa kuchelewa ni urefu. Tukisema Kimya ana urefu wa vichwa vitano (kipimo ni kichwa cha Kimya) na Tutu viwili, Tutu anafika mapajani. Kila shoti ya Kimya ya kuanzia kiunoni kwenda juu inamkata Tutu nje ya fremu, na kichekesho chenu chote kinategemea kuwaona wote wawili usoni kwa pamoja. Ama Tutu awe anabeba kreti la chupa na kusimama juu yake (hilo lina faida, kreti linaweza kuvutwa), ama Kimya apinde mgongo. Ukisahau hili, mhariri atalazimika kuruka kutoka uso hadi uso, na kichekesho cha kutazamana kinakufa kila unapokata.

Muda wa ile "funga mdomo" ya tatu, kwa fremu (picha) 24 kwa sekunde:
- Tutu anatazama kizibo: fremu 24, hakuna kinachosogea isipokuwa kope moja.
- Anamtazama Kimya: 12.
- Anachukua kizibo na kuziba: 10, haraka, bila shaka yoyote.
- Kila kitu kimya, mashine inavimba: 48.
- Kimya anageuza shingo polepole: 30.
- Mlipuko: 6 tu.

Wachoraji wageni hugawa muda sawasawa, ndiyo maana vichekesho vyao vinaonekana kama vinaogelea. Kusubiri kuwe kurefu, tukio liwe fupi. Mlipuko ukienda fremu 20 unakuwa ajali, ukienda 6 unakuwa kichekesho. Na moshi ukiondoka wawepo wote wawili, wazima, nywele tu ndizo zimesimama.

Koti refu la profesa: kama mnatumia vikaragosi vya vipande kwenye kompyuta, liache. Koti linahitaji mifupa yake (viungo vya kulisogeza kwenye kompyuta), linapenya miguuni kila akikaa, na kila shoti inarudi kwa marekebisho. Koti fupi la maabara linatosha.

---

SautiNaMaiki:
Naongezea upande wa sauti, maana katuni yenyewe inahusu sauti na hakuna aliyeigusa.

Mashine ikinyonya sauti za mji, msipeleke sauti hadi sifuri. Mtazamaji atadhani kifaa chake kimeharibika na ataanza kubonyeza vitufe. Acheni kitu kimoja kidogo: upepo mwembamba, au saa ya ukutani inayogonga mbali. Kisha muonyeshe kinywa kinachosogea bila sauti, ng'ombe anayefungua mdomo na kushangaa. Hapo ndipo mtoto anaelewa kwamba sauti imeibwa.

Lile neno "wako" linalomezwa halitaeleweka kama ndiyo mara ya kwanza mashine kufanya hivyo. Mtoto atadhani mwigizaji kakosea. Lifundisheni mapema, mara mbili, kwa maneno yasiyo na uzito. Kimya akiwa karibu na bomba anaita "Tutu!" inasikika "Tu—". Baadaye Tutu anaimba wimbo wake, mwisho wa kila mstari unavutwa. Ikifika "wako", mtoto ndiye atakayemalizia neno, na ataruka kwenye kiti.

Namna ya kulitengeneza: mwigizaji arekodi sentensi nzima, asikate mwenyewe. Kwenye uhariri, "wako" ipunguzwe kwa fremu 5 au 6 huku sauti ikipanda juu kama inavutwa kwenye mrija. Picha iendelee kuonyesha mdomo ukitamka *wa-ko* mpaka mwisho.

Kuhusu midomo ya kuchora: Kiswahili ni rahisi kuliko lugha nyingi, kwa sababu silabi karibu zote zinaishia na irabu. Michoro ya a, e, i, o, u, mmoja wa midomo iliyofungwa kwa m, b, p, na mmoja wa meno juu ya mdomo kwa f na v. Saba inatosha. Konsonanti nyingine ziruke, ila ile ya kufunga midomo usiiruke kamwe. "Mdomo" bila m kufunga inaonekana kama filamu iliyotafsiriwa vibaya. Mchoro utangulie sauti kwa fremu 1 au 2, usichelewe hata moja.

Sauti za wahusika: wengi humpa mpambe sauti nyembamba ya puani kwa sababu inachekesha kwenye majaribio. Dakika ya sita inachosha, na maneno hayasikiki. Fumbeni macho msikilize dakika mbili za Kimya na Tutu wakibishana. Kama huwezi kumtofautisha nani ni nani, au kama umekosa maneno ya Tutu, badilisheni. Jaribuni kinyume: Tutu sauti nzito, ya taratibu, ya mtu mwenye uhakika. Kimya ndiye awe na sauti nyembamba inayopanda akikasirika. Mtu anayechukia kelele na yeye ndiye mpiga kelele mkuu wa mji, hapo utani unajiandika.

Na kicheko cha adui. Kimya anachukia kelele, hawezi kucheka "mwahahaha". Acheke kwa kunong'ona, sekunde mbili, mabega yakitetemeka. Tutu akicheka naye kwa sauti ya kawaida, anamziba mdomo. (Huo unaweza kuwa ule upandaji wa pili wa MstariWaPili, hamhitaji sehemu ya ziada.)

Mistari ya kufoka irekodiwe mwisho wa siku, koo la mwigizaji likiharibika saa tatu asubuhi hamna kipindi. Umbali wa maiki kama sentimita 20 kwa kuongea, rudi mara mbili yake kwa kufoka, na kiwango kisipande juu ya -6 dB.

---

DadaMpekuzi:
Naomba nipinge kidogo. Mpango wa MstariWaPili ni mtamu ila umemsahau stelingi. Tutu anafunga mdomo, mashine inapasuka, sauti zinarudi. Radi yuko wapi? Kama adui anajiangusha mwenyewe, mtoto atauliza kwa nini katuni ina jina la Radi. Stelingi hafi, sawa, lakini pia hapaswi kuwa mtazamaji mwenzetu.

Dawa si kumwongezea ngurumo. Kwanza ngurumo yake inapaswa kushindwa: anapiga makofi mbele ya bomba, mashine inaimeza, chupa moja inang'aa. Nguvu yake ndiyo chakula cha mashine. Kisha aone kitu. Aone kwamba mashine inakula maneno ya mwisho ya aliye karibu nayo, na amsikie Kimya akisema "funga mdomo" kwa mara ya ishirini. Kazi yake iwe kumvuta Kimya mpaka asimame karibu na bomba akiwa amekasirika. Anamkera kwa kelele ndogo ndogo: kutafuna karanga, kukwaruza meza, kupiga miayo. Kwa hiyo kasoro ni ya adui, kosa ni la mpambe, lakini aliyepanga ni mtoto.

La usalama. Watoto wa umri huu wanaiga, na wanaweza kumwiga hata adui kwa sababu ndiye anayefanya vitu vya ajabu. Pitia skripti na kalamu nyekundu uondoe chochote kinachoweza kufanyika nyumbani kwa vitu vya nyumbani: mfuko wa plastiki kichwani, kujifungia kwenye friji au sanduku, kamba shingoni, kuchezea soketi, kuruka kutoka juu na kitambaa mgongoni. Mashine kubwa ya kunyonya sauti ni salama kwa sababu haipo. Kizibo cha ukubwa wa ngoma ni salama. Kumziba mwenzako mdomo kwa kiganja (SautiNaMaiki, nakutazama wewe) mimi ningebadilisha. Kimya amnyooshee tu kidole, Tutu ajizibe mwenyewe.

Na Tutu asiwe na kigugumizi, asitembee kwa kuchechemea, asipewe lafudhi ya watu fulani. Uelewa wake wa neno kwa neno unatosha.

---

SautiNaMaiki:
Kidole kimepita. Kwanza kidole hakina sauti, kinamfaa zaidi Kimya.

---

MstariWaPili:
DadaMpekuzi yuko sahihi, nilimwacha Radi nje. Karanga zimenipendeza sana.

Ila kwenye kutisha nisieleweke vibaya. Watoto wanapenda kuogopa kidogo, alimradi kuna mtu kwenye fremu anayewaambia kwamba ni mchezo. Dr. Claw wa Inspector Gadget (1983) alikuwa mkono wa chuma na sauti ya kukwaruza, uso hauonekani kabisa. Kilichomfanya avumilike ni paka wake mezani: bwana akigonga meza kwa hasira, paka anashtuka. Mpambe ni kipimo cha joto. Akiogopa kwa dhati, mtoto anaogopa. Akionekana kachoka na kelele za bosi, mtoto anacheka. Kwa hiyo kila Kimya anapofoka, andika kabisa kwenye skripti Tutu anafanya nini na uso wake. Usimwachie mchoraji abuni.

---

KalamuMbichi:
Wakuu, nimeandika upya hadi kurasa 16. Bibi ametoka, karanga zimeingia, Kimya anataka kulala. Nina maswali mawili. Moja, Tutu sasa ndiye anayechekesha kuliko wote, je, mwisho wa kipindi nimhamishie upande wa Radi? Mbili, Kimya aishie wapi? Nilimpeleka jela.

---

MstariWaPili:
Usimhamishe. Kipindi cha pili utamhitaji pale pale alipo. Akihama, Kimya anabaki anaongea na ukuta na hotuba za ukurasa mmoja na nusu zinarudi. Anaweza kumfanyia Radi kitu kimoja kidogo bila kujua ni wema, mfano kumrudishia chupa yenye sauti yake kwa sababu "imeandikwa jina lako". Inatosha. Ujue tu kwamba mpambe anayependwa huwa hakai alipowekwa: Harley Quinn aliingizwa mwaka 1992 kwenye katuni ya Batman kama msaidizi wa Joker wa kipindi kimoja, leo ana vitabu na filamu zake. Kama Tutu ana nyota hiyo, itaonekana kipindi cha kumi. Usiiharakishe.

Jela hapana. Jela ni ya wahalifu, huyu alitaka kulala. Adhabu ya adui wa kuchekesha itoke kwenye kile kile alichokitaka.

---

Fremu24:
Kwa mwisho: chupa zote zimepasuka, sauti zimerudi. Kimya amekaa juu ya vipande vya mashine, masizi usoni. Polepole anafumba macho, amepata usingizi hatimaye. Fremu 36 za utulivu. Kutoka nje ya picha, krach. Tutu amepata mfuko wa karanga.

Kimya asifumbue macho mawili. Moja tu, la upande wa Tutu. Kata hapo.